Brashi Kumi na Saba na Kichwa Kimoja

Mke wangu ana swali moja ambalo ameniuliza kwa miaka sita bila kubadilisha neno ila hesabu: mtu mmoja, uso mmoja, brashi kumi na saba za kunyolea za nini? Huliuliza akiwa amesimama mlangoni mwa bafu la chini, nyumbani kwetu Blaine, huku ughaibuni, mikono kiunoni, akizitazama zilivyojipanga kwenye rafu niliyoipigilia misumari mwenyewe. Nami humjibu kwa swali: na mtu mmoja mabuibui ishirini ya nini? Hapo mazungumzo huhamia kwenye mambo mengine.

Lakini swali lake ni la haki, na kwa kuwa hapa hayupo, nitalijibu. Kisha nitaeleza jinsi mojawapo ya brashi hizo ilivyonitia katika uongo, ikanitoa humo kwa aibu, na nusura inifukuzie baba mkwe.

Mwanzo wake ni vipele. Ndevu zangu ni za kipilipili. Ukizikata kwa zile nyembe za plastiki za kutupa, ncha hujikunja zikarudi ndani ya ngozi, na shingo yote huota vipele. Nafanya kazi Golden Valley, fundi wa mitambo ya joto kwenye majengo ya ofisi, na kila nikipita na mkanda wangu wa vifaa watu walikuwa wakinitazama shingoni kabla ya kunitazama usoni. Mlinzi mmoja mzee wa pale akanihurumia. Akaniambia niachane na povu la kopo, ninunue sabuni ya kipande, wembe wa chuma na brashi ya kweli, nijipake povu la moto taratibu kwa kuzungusha mpaka nywele zisimame, ndipo ninyoe. Akaniandikia anwani ya mtu anayetengeneza brashi katika gereji yake, Saint Paul. Nilikwenda nikitaka brashi moja.

Mtu huyo, nitakayemwita Fundi, ni Mzungu mrefu, mwalimu mstaafu wa useremala. Saint Paul na mji pacha wake imo katika kukata miti, kwa sababu kuna mdudu wa kijani anayeila chini ya gome mpaka inakauka imesimama. Wafanyakazi wa manispaa huikata, na Fundi huwafuata nyuma na pikapu yake akiomba kigogo. Mpini wa brashi huukereza kwenye mashine, akaupiga msasa, akaupaka mafuta, na chini yake akachoma kwa chuma cha moto jina la mtaa ambako mti ule ulisimama. Hatengenezi zaidi ya kumi kwa mwezi. Akizitangaza asubuhi, kabla ya saa sita zimekwisha, na watu wazima wenye wajukuu wanabaki kulaumiana kwa simu.

Sasa jibu. Ukinunua brashi ishirini kwa mafundi ishirini, unazo brashi ishirini. Ukizinunua zote kwa mtu mmoja, unaanza kumjua mtu. Ni kama mahamri. Kwetu Mombasa mtaa mmoja utakuwa na wanawake watano wanaopika mahamri, lakini mama alitutuma kwa mmoja tu, na tukiletewa ya mwingine tulijua kwa kutafuna mara moja. Tulijua hata siku aliyogombana na mumewe, maana iliki ilizidi. Ndivyo nilivyo na Fundi. Naijua mipini ya mwaka aliopasuliwa bega, ni minene kiunoni kwa kuwa mkono haukufika. Kuna mwezi alifiwa na mbwa wake, na brashi za mwezi ule zote ni fupi. Sikumuuliza kwa nini, lakini ninazo mbili.

Wenzangu wengine huzikusanya kwa umbo. Mimi nilikusanya mitaa. Tangu nishuke ndege hapa nikiwa na koti la kuazima nimehama mara saba, na kwenye rafu ile kulikuwa na mtaa nilikoosha vyombo hotelini, mtaa tulikopanga chumba cha kwanza baada ya ndoa, hata mtaa ambako gari letu lilikokotwa kwa kuegeshwa vibaya siku ya theluji. Uliokosekana ni mmoja tu, Frogtown, karibu na University Avenue, ndiko nilikoanzia maisha, chumba kimoja juu ya duka la kushona nguo. Kutoka mtaa ule Fundi alipata kigogo kimoja, akatoa mipini mitatu, na yote iliuzwa kabla sijamjua. Niliitamani hiyo brashi kuliko kitu chochote chenye bei.

Bado sijasema neno kuhusu nywele, na kisa chote kimo kwenye nywele. Brashi ya kunyolea hutiwa kimojawapo kati ya vitu vinne: nywele za mnyama mmoja wa porini aliye ndugu wa nyegere, singa za farasi, nyuzi za plastiki, au nywele za nguruwe. Za nguruwe ndizo za zamani, na watu wa povu, hao wapenzi wa brashi wenzangu, wanazipenda kwa sababu zina tabia. Mwanzo huchoma, kisha kadiri zinavyotumika ncha hupasuka mbilimbili zikalainika, na brashi ikamzoea mwenyewe. Mimi ni Mwislamu wa pwani. Si mwema sana, sala zangu wakati ule zilikuwa za Ijumaa na za Ramadhani, lakini nguruwe ni nguruwe. Nilimwambia Fundi siku ya kwanza, na tangu hapo hunitilia singa za farasi bila kuuliza.

Baba mkwe alikuja mwezi wa nane, mwaka mmoja baada ya mama mkwe kufariki. Mke wangu ni binti yake wa pekee, na alikuwa ameapa kwamba babake hatakaa peke yake katika nyumba ile ya Mombasa akijipikia chai ya kikombe kimoja. Mzee naye alikuwa ameapa kwamba anakuja kutembea tu. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya mwezi wa tatu, na karatasi yake aliiweka ndani ya msahafu, mahali ambapo hakuna mtu katika nyumba yetu angethubutu kupekua.

Blaine haikutusaidia kumshawishi. Bila gari hapa wewe ni mfungwa mwenye bustani. Mzee aliyezoea kwenda msikitini kwa miguu mara tano kwa siku, akisimamishwa kila hatua kumi kwa salamu, alijikuta dirishani akitazama milango ya gereji ikifunguka na kujifunga. "Huku hawatoki watu," alisema. "Hutoka magari." Nami sikuwa dawa. Hakunipenda tangu nilipoposa. Alitaka daktari, akapata fundi. Miaka yote aliniita "bwana," kama mtu anayeulizwa njia. Mke wangu akanivuta jikoni.

"Babangu akirudi kule peke yake sikusamehe," akasema. "Nataka a-feel at home. Na wewe ndiye mwanamume mwenzake hapa, si mimi."

Niliahidi. Sikujua nitaanzia wapi.

Mwezi wa kumi na moja nikaenda kwenye kikao cha watu wa povu, ambacho hufanyika Jumamosi ya kwanza katika chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja kule Golden Valley. Ni wanaume kumi na wawili wanaonusishana sabuni. Siku hiyo mstaafu mmoja wa posta alitoa kitu mfukoni kimefungwa ndani ya soksi. Akakifungua, akakigeuza, nikasoma chini: Frogtown. Alitaka brashi zangu mbili kwa hiyo moja. Nilimpa tatu ili asipate muda wa kufikiri.

Sikuuliza nywele ni za nini. Nataka nikiri hilo wazi, kwa sababu ni kosa ambalo mtu wa kawaida hawezi kulifanya. Mtu wa kawaida akinunua brashi hutazama nywele. Mkusanyaji hutazama mpini, huusikiliza uzito wake, hupitisha kidole gumba kwenye jina lililochomwa, na moyo wake unakwenda mbio. Brashi zangu zote za wanyama zilikuwa za farasi, kwa hiyo na hii macho yangu yaliona farasi. Niliendesha gari mpaka nyumbani nimeiweka mapajani.

Wiki iliyofuata, Ijumaa, Mzee akatoka bafuni na vipande vitatu vya karatasi vimebandikwa kichwani, kila kimoja na tone la damu. Kila Ijumaa asubuhi hunyoa kichwa chote kabla ya kwenda msikitini, na alikuwa akifanya hivyo kwa wembe na sabuni aliyojipaka kwa kiganja. Nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia, "Baba, njoo nikuonyeshe kitu."

Alisimama mbele ya rafu yangu. Kisha akaanza kuzishika, mojamoja, akizipima na kuzirudisha. Akazipita za plastiki, akazipita za farasi, akafika mwisho akaitwaa ile ya Frogtown. Akaigeuza. "Hii nzuri," akasema. Nikajifanya sikusikia. "Hii nzuri sana," akasema. Kwetu mgeni akisifu kitu mara mbili, huna tena kitu. Akaisifu mara ya tatu, labda kwa kunijaribu.

"Ni yako, baba," nikasema, na Mungu ananijua jinsi roho ilivyoniuma.

Lakini ahadi niliyoitoa jikoni ikaanza kutimia yenyewe. Nikabadilishiwa zamu ya Ijumaa, na kila Ijumaa asubuhi tukawa wawili mbele ya kioo kimoja, mimi na uso wangu, yeye na kichwa chake. Nilimfundisha kuloweka brashi, kuzungusha sabuni, kujua povu lililoiva na povu lenye maji. Wiki za mwanzo alilalamika kwamba yachoma na ina harufu ya zizi. Nikamweleza, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba manyoya yote ya mnyama hunuka yakiwa mapya, akawa radhi. Wiki ya tano akashangaa jinsi ilivyolainika. "Sasa yanijua," akasema. Alianza kunisimulia mambo ya ujana wake, alipokuwa karani bandarini na kila mtu akinyoa kwa mfanyakazi mmoja mwenye mkono mzito. Siku moja, bila kutangaza, akaacha kuniita bwana. Akaniita mkwe.

Mwezi wa kwanza binti yake alimuuliza kuhusu tiketi, naye akasema, "Tutaona." Mtu aliyekuwa akisema "narudi" kwa miezi mitano akasema tutaona! Mke wangu alikwenda chumbani kuwapigia simu shangazi zake wote. Jioni ile nilipikiwa wali wa nazi katikati ya wiki.

Mwisho wa mwezi huo nikaenda gerejini kwa Fundi kuchukua oda yangu. Kwa majivuno nikamwonyesha picha kwenye simu: Mzee anacheka, kichwa cheupe kwa povu, brashi mkononi kama fimbo ya mfalme. Fundi akavuta miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, na uso ukamng'aa.

"Ah, moja ya zile tatu za Frogtown! Nguruwe yule alikuwa bora. Sijapata tena nywele za nguruwe kama zile."

Nilikaa juu ya magogo yake bila kukaribishwa. Wiki kumi. Kila Ijumaa nilikuwa nimesimama pale nikiloweka nguruwe katika maji ya moto na kumkabidhi mtu anayesali mara tano kwa siku, ajipake mahali pa kusujudia. Na nilikuwa nimemwambia harufu ni ya upya.

Mtu mwema angekwenda nyumbani akasema. Mimi nilimuuliza Fundi kubadilisha nywele huchukua siku ngapi.

Akasema nne: kuulainisha mpini kwa mvuke, kung'oa za zamani, kutia za farasi, na gundi kukauka. Hapo ndipo nilipopata jibu jingine la swali la mke wangu. Brashi kumi na saba za fundi mmoja ni muhimu kwa sababu zinafanana. Jumamosi niliichukua ya Mzee rafuni, nikasimamisha nyingine pale pale, na kwa macho ya mbali hakuna aliyejua. Alhamisi nilikuwa nayo tena, nywele za farasi, safi.

Safi kiasi. Sisi wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi nguruwe ni najisi nzito: kilichoguswa naye kikiwa kimeloa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mpini ule ulikuwa umeguswa. Sasa nitafutie udongo Blaine, mwezi wa pili. Nilitoka na sepetu, nikaondoa theluji ya kufika magotini, nikapiga ardhi. Ililia kama mlango wa chuma. Nikapiga tena, jirani akachungulia, nikampungia mkono.

Udongo pekee uliokuwa laini katika nyumba ile ulikuwa kwenye chungu cha asumini cha mke wangu, kando ya dirisha la sebule. Aliuchimba mwenyewe uani wakati wa joto, akaupepeta kama unga. Asumini hiyo inaogeshwa, inaongeleshwa, inafunikwa kanga usiku wa baridi kali. Nikachota mkono mmoja. Nikaona haitoshi, nikachota wa pili. Nilikwenda kuuoshea mpini gerejini, mara saba kwa hesabu, vidole vikikufa kwa baridi.

Mke wangu alirudi kazini, akasimama kwenye dirisha. "Nani amechimba asumini yangu?"

"Labda panya," nikasema.

"Panya? Ndani ya nyumba hii?" Akaniamuru nikanunue mitego. Nikaenda dukani nikanunua minne, nikaileta nyumbani, nikaitega sebuleni kwa uangalifu mkubwa, na jibini, kwa ajili ya panya ambaye ni mimi.

Kuhusu kichwa cha Mzee chenyewe na sala zake, nilijiambia kwamba asiyejua hana lawama, na kwamba ya nyuma yamepita. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu siku hizo zilikuwa za kuning'inia usoni zisinionyeshe mbele.

Ijumaa ikafika. Tukasimama mbele ya kioo. Mzee akailoweka brashi, akazungusha sabuni, akapeleka kichwani. Mzunguko mmoja. Wa pili. Akasimama.

"Mkwe, hii si brashi yangu."

"Ni yako, baba. Tazama jina hapo chini."

Akaigeuza, akalitazama jina. "Jina ni lile. Nywele siyo. Zile nilizifundisha miezi miwili mpaka zikanijua. Hizi za jana." Akapitisha kidole kwenye ncha. "Hazijapasuka hata moja."

Nilitaka kusema baridi. Nilifungua kinywa kusema baridi hukaza nywele, jambo ambalo Fundi mwenyewe angeweza kuliamini. Lakini Mzee alikuwa akinitazama kupitia kioo, nusu ya kichwa povu, nusu upara, na hakuwa na hasira. Alikuwa na wasiwasi, kama mtu anayeogopa kwamba ameanza kusahau vitu. Hilo ndilo lililonishinda. Ningeweza kumdanganya mtu mkali. Sikuweza kumwacha mzee adhani akili inamtoka kwa sababu yangu.

Nikamwambia yote, tangu soksi ya yule wa posta mpaka udongo wa asumini.

Povu likadondoka kutoka sikioni mwake likaanguka kwenye sinki. "Nguruwe," akasema. Akasema, "Kichwani." Kisha akasema, "Na miezi yote nasujudu." Kisha akamwita binti yake.

Mke wangu alikuja na kijiko cha chai mkononi. Akaelezwa.

"Kwa hivyo hakuna panya," akasema.

Sala ya Ijumaa ilikuwa imebaki saa mbili, na Mzee hakuwa tayari kusimama mbele ya Mola wake na kichwa kile. Nilikimbilia duka la bustani, nikarudi na mfuko mkubwa wa udongo wa kununua. Mzee akamwamuru binti yake asome maandishi. Una mboji, akasoma, una samadi ya ng'ombe, samadi ya kuku, na viambato vingine asilia.

"Vingine vipi?" Mzee akauliza.

Hakuna aliyejua. Mfuko ukarudishwa garini. Mke wangu akasimama sebuleni kidogo, kisha akakishika chungu cha asumini kwa mikono yote miwili, akaing'oa ile asumini, akaitia kwenye sufuria ya wali pamoja na mizizi yake, na kuniletea chungu na udongo uliobaki. Nilitamani anitukane.

Basi nikamwosha baba mkwe kichwa. Yeye alikaa kwenye kigoda ndani ya hodhi la kuogea, taulo mabegani, macho amefumba. Mimi nilipiga magoti nje, kopo mkononi. Mwosho wa kwanza ndio ulikuwa wa udongo. Nilimpaka kote, nyuma ya masikio, kisogoni, polepole kwa kuzungusha, jinsi nilivyomfundisha yeye kupaka povu, nikawa simtambui kwa matope. Nikamwagia. Maji ya kahawia yakateremka. Kichwa cha mtu mzima ni kidogo kuliko unavyodhani ukikishika.

"Uliogopa nini?" akauliza, macho bado amefumba.

"Niliogopa utaondoka."

"Binti yangu ndiye aliyekutuma unizuie."

"Mwanzo ndiyo," nikasema. "Sasa ni mimi. Ijumaa hizi nazipenda, baba. Sikuwa na baba wa kunyoa naye. Wangu alifariki sijaota ndevu."

Nikamwagia tena, na tena. "Hiyo ya ngapi?" akauliza.

"Ya nne."

"Ya tatu," akasema.

Nilikuwa nimehesabu kwa makini. Lakini si mahali pa kubishana, umemshika mkweo kichwa chenye matope uliyoyaleta mwenyewe. Nikamwosha mara nane.

Alipokauka alikaa sebuleni akatoa hukumu. Taulo zote, sinki, beseni na bafu vioshwe mara saba, na mimi ndiye mwoshaji. Mpini, hapo nilifanya vyema, brashi ibaki. Ama sala, kuna wanavyuoni wanaosema aliyesali bila kujua hana juu yake kitu, na kuna wanaosema azilipe, naye ni mtu wa kufuata lililo zito. Atazilipa zote, za wiki zote zile: baada ya kila sala ya faradhi, atalipa moja ya deni. "Na wewe uliyenitia humu," akaniambia, "kila ukiwa nyumbani utasimama nami."

"Sawa, baba."

"Na hiyo tiketi iahirishwe. Sipandi ndege na sala za miezi miwili shingoni."

Mke wangu akafungua kinywa. Nadhani alitaka kusema kwamba Mungu yuko Mombasa pia, na sala hulipika popote. Nikamkanyaga mguu.

Tangu siku ile tumesimama, yeye mbele kidogo, mimi kuliani kwake, kwenye zulia la sebule. Mwanzo magoti yangu yalilia, na nilikuwa nikiwaza mitambo ya Golden Valley katikati ya rukuu. Kisha nikazoea. Theluji ikayeyuka, mitego ikaingia kabatini, na nyembe zetu zikabadilishwa. Ijumaa bado tunanyoa pamoja. Zile za farasi, anasema, nazo zimeanza kumjua.

Mwezi wa nne ulipokwisha nikapiga hesabu, kwa siri, kwenye karatasi ya kazini. Deni lilikuwa limekwisha. Nikapiga tena nikiongeza wiki moja ya tahadhari, na hiyo nayo imepita. Mke wangu ana hesabu yake aliyoiandika nyuma ya kalenda ya jikoni, nayo inasema hivyo hivyo, ingawa hatujawahi kuzungumzia jambo hilo, hata tukiwa wawili. Na Mzee alikuwa karani wa bandari miaka thelathini. Si mtu wa kupotewa na hesabu.

Jana adhuhuri tulimaliza faradhi. Nikadhani atakunja mswala. Akabaki amekaa, akageuka nusu.

"Mkwe," akasema, "zimebaki nyingi?"

"Nyingi, baba," nikasema.

"Nami naona hivyo," akasema, akainuka, akakimu sala nyingine.